Huo ukarimu mnaouuza ni wa nani?

Najua nimepotea. Nilikuwa Jojia, na kabla hamjaniuliza: siyo ile Georgia ya Marekani yenye mji wa Atlanta. Hii ni nchi ya milima ya Kaukazi, imebanwa kati ya Urusi na Uturuki, watu wake hawafiki milioni nne, na wenyewe huiita Sakartvelo. Nilikwenda kwa warsha ya waandishi mjini Tbilisi. Warsha ilipoisha nikabaki siku nane zaidi kwa pesa ya mfukoni mwangu, nikajiunga na msafara wa watalii uliotangazwa kuwa wa utamaduni, mvinyo na milima.

Tangu nilipoitaja safari hiyo barua pepe hazikauki. Karibu zote zinauliza jambo moja: dada, tupe jina la kampuni nzuri ya kututembeza. Wengi ni ndugu zetu walioko Dubai, Doha na Muscat, ambao kwao Tbilisi ni mwendo wa saa tatu hadi nne tu kwa ndege, na likizo ikifika wanataka washike theluji kwa mkono kabla mkataba haujaisha. Nawaelewa. Nitawajibu, lakini huko chini. Kwanza nina ugomvi, na msiponiacha nigombane nitaumwa.

Ugomvi wangu ni na neno ukarimu.

Fungua tovuti yoyote inayouza safari za Jojia. Hutamaliza ukurasa wa kwanza kabla hujaambiwa kuwa kwa Wajojia mgeni ni zawadi ya Mungu. Huo ni msemo wao wa kweli, utausikia hata kwa dereva wa teksi. Utaambiwa habari za supra, yaani karamu yao, ambapo meza hufunikwa kwa sahani mpaka sahani zinapanda juu ya sahani. Utaambiwa habari za tamada, mzee wa meza, ambaye huinua glasi na kusema maneno ya kuwaombea wazazi, marehemu, watoto, amani, na hakuna anayekunywa kabla yake. Picha utawekewa. Bei utawekewa, kwa dola. Lakini tafuta katika kurasa hizo sentensi moja tu inayosema nani anapika hizo sahani zote, nani anaziosha, analipwa na nani, na analipwa lini. Mimi nilitafuta katika tovuti zaidi ya kumi. Hamna kitu.

Sasa nisikilizeni. Mtu akikukaribisha nyumbani kwake akakulisha, huo ni ukarimu. Mtu wa tatu akichukua pesa yako Tbilisi, akakupeleka kwenye nyumba ya mwenzake kijijini, halafu akamwambia mwenye nyumba "toa mama, ndiyo mila yenu", hapo kuna dalali na kuna mtu anayefanyishwa kazi. Kazi ina malipo yake.

Tuanze na mvinyo, maana ndiyo biashara yenyewe. Kila kijitabu cha safari kinakupiga kichwani na "miaka 8000 ya mvinyo". Nilidhani ni porojo za matangazo. Si porojo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vigae vya mitungi vilivyochimbuliwa Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi, wakakuta mabaki ya kikemikali ya mvinyo wa zabibu wa miaka ipatayo 6000 kabla ya Kristo. Na namna yao ya kutengeneza mvinyo ndani ya mitungi ya udongo, inayoitwa kwevri, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013.

Kwevri yenyewe ni kitu cha kustaajabisha. Ni mtungi wenye umbo la yai, mwingine mkubwa hata mtu mzima anaingia ndani kuusafisha. Hufinyangwa taratibu, tabaka juu ya tabaka, kwa majuma mengi, huchomwa, hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, halafu huzikwa ardhini mpaka shingoni. Zabibu zikishakamuliwa mwezi wa tisa au wa kumi, maji yake hutiwa humo pamoja na maganda, mbegu na, kule Kakheti, vijiti vyake pia. Mtungi hufunikwa, na mvinyo hukaa humo mpaka majira ya kuchipua. Udongo unauweka kwenye ubaridi ule ule, hakuna jokofu wala umeme. Wafinyanzi wanaojua kazi hiyo wamebaki wachache, koo chache tu katika vijiji kama Makatubani kule Imereti na Vardisubani karibu na Telavi.

Sasa jiulize: hiyo miaka 8000 ilihifadhiwa na nani? Enzi za Usovieti viwanda vya serikali vilitaka wingi. Nchi ina aina zaidi ya 500 za zabibu za asili, lakini mashamba makubwa yalijazwa aina chache zenye mazao mengi, hasa Rkatsiteli na Saperavi. Mwaka 1985 Gorbachev akaanzisha kampeni yake dhidi ya ulevi, mizabibu ikang'olewa. Usovieti ukavunjika, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, umeme ukawa wa kubahatisha. Mwaka 2006 Urusi, mnunuzi wao mkubwa, ikapiga marufuku mvinyo wa Jojia, na marufuku hiyo ikadumu mpaka 2013. Katika misukosuko yote hiyo kwevri iliendelea kuzikwa wapi? Nyuma ya nyumba za watu. Kwenye vibanda vya familia, kwa ajili ya harusi ya binti na matanga ya babu. Hapakuwa na kampuni ya utalii iliyosaidia kuosha mtungi hata mmoja.

Kwa hiyo mtu anapochapisha "miaka 8000" kwenye kijitabu chake cha kung'aa, anauza akiba ya watu wengine. Anaweza kuiuza, sikatai. Lakini awalipe.

Mnataka mfano? Siku ya tatu ya msafara wetu tulifika kijiji kimoja cha Kakheti, bonde la mizabibu mashariki mwa nchi. Upande mmoja unaiona Kaukazi imevaa theluji, upande mwingine mashamba mpaka macho yanachoka. Tulikuwa watu kumi na wanne. Ratiba iliandika: "Supra ya asili nyumbani kwa familia, dakika 90." Dakika tisini! Supra ya kweli huanza jua likiwa juu na kumalizika watu hawakumbuki jua lilizama saa ngapi. Tulipewa tamada, mzee mwenye masharubu na sauti nzuri, akasema maombi manne huku mwongozaji wetu akitazama saa. Vijana watatu wakaimba kwa sauti tatu zinazogombana na kupatana. Huo uimbaji nao UNESCO iliutambua mwaka 2001, na wimbo wao mmoja, Chakrulo, ulipakiwa kwenye chombo cha Voyager mwaka 1977 ukaenda zake angani. Watu walipiga picha, wakapiga makofi. Mwanaume mmoja alichoma mishkaki kwa moto wa matawi ya mizabibu, dakika kumi hivi, akasifiwa kuliko mtu yeyote. (Wanawake wenzangu mnaojua nyama choma za Jumapili mnanielewa.)

Mimi nilielekea jikoni. Kwetu mgeni mwanamke huwezi kukaa sebuleni sahani zinakuja tu kama zinatoka mbinguni, usinyanyuke hata kuuliza mama nikusaidie nini. Mwongozaji akaniambia nisihangaike, mama wa nyumba ana aibu hapendi kuonekana. Nikamwambia mimi si kamera.

Mama huyo ana umri wa mama yangu. Wala hakuwa na aibu yoyote. Mjukuu wake, msichana wa sekondari anayejua Kiingereza, akakaa katikati yetu kutafsiri huku nikifuta sahani. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha tanuri la udongo, linafanana sana na lile la mikate ya mofa, mkate unabandikwa ukutani kwa ndani. Alikuwa ametwanga jozi za kupaka kwenye mabilingani, amekanda jibini, ametengeneza vitu kumi na saba. Nilivihesabu. Dada yake na mkwewe walikuwa naye. Watatu, tangu alfajiri, kwa dakika tisini zetu.

Nikauliza kuhusu malipo. Analipwa kwa kichwa. Analipwa mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine mwisho wake unachelewa kufika. Watalii wakighairi, halipwi, hata kama chakula kimeshaiva. Halafu akaniambia jambo lililonifanya nisimamishe kufuta sahani. Katika hesabu ya kwa kichwa mvinyo haumo. Kampuni ilimwambia mvinyo wa nyumbani haulipiwi kwa sababu Mjojia hamuuzii mgeni mvinyo wa nyumbani kwake, ni mwiko, itakuwa aibu kuudai. Nikamuuliza mjukuu anirudie. Akarudia.

Mnaona ujanja huo? Mila inasema usimuuzie mgeni. Dalali anaichukua mila, anaigeuza punguzo. Asubuhi ya siku ile ile tulikuwa tumepita kwenye kiwanda kikubwa cha mvinyo chenye duka na vioo, na kule kila glasi ya kuonja ilikuwa na bei yake na risiti yake. Kwa hiyo mvinyo wa kiwanda ni bidhaa, na mvinyo wa mama ni utamaduni. Chupa ina bei kwa sababu ina lebo. Jagi la mama halina lebo, basi halina bei. Ebo!

Najua kuna atakayeniambia, wewe dada umeona nyumba moja unahukumu nchi nzima. Sihukumu nchi. Naihukumu namna ya kufanya biashara, na namna hiyo inajulikana kila mahali ambapo neno "asili" linauzwa. Nyumba nyingi za wageni Jojia zinaendeshwa na familia zenyewe, hasa akina mama, wanapanga bei yao, wanapokea pesa mkononi asubuhi unapoondoka. Hao siwagombezi. Hao ndio ningependa muwatafute. Ninaowagombeza ni wanaosimama mlangoni mwa nyumba hizo na kukata tiketi.

Haya, twende milimani, maana huko nako kuna yao.

Tusheti ni pembe ya kaskazini-mashariki, mpakani na Dagestan na Chechnya. Njia ya gari ni moja tu, inapita Abano, zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, barabara ya vumbi iliyochongwa ubavuni mwa mlima, haina kingo. Hufunguka mwanzo wa kiangazi na kufungwa theluji ikirudi, mnamo Oktoba. Wenyeji wengi hushuka na kondoo wao kwenda kuishi Alvani, bondeni Kakheti, mpaka mwaka unaofuata. Kijitabu chetu kiliandika: "Moja ya barabara za hatari zaidi duniani! Utathubutu?" Nilikaa nyuma ya dereva, mzee mkimya wa huko huko. Kwake hiyo ndiyo barabara ya kumpeleka mkewe hospitali. Ndiyo ya kupandisha unga na gesi. Sisi tumelipa ili tuogope, yeye ameendesha maisha yake yote akiomba asiogope. Sidhani kama yeye alilipwa chochote cha ziada kwa lile neno "utathubutu".

Halafu kuna suala la mahali patakatifu. Watusheti ni Wakristo wa Kiorthodoksi wenye mambo mengi ya kale zaidi ya hapo. Wana vilinge vyao vya mawe, na karibu na vingi vya hivyo mwanamke haruhusiwi kusogea. Nyama ya nguruwe haipandishwi Tusheti kabisa, wanaamini inaleta balaa. Unaweza kuona mambo haya hayakupendezi. Mimi mwanamke, hilo la kilinge halinipendezi hata kidogo, na siku wanawake wa Tusheti watakapoamua kulisemea nitakuwa upande wao. Lakini wewe uliyekuja kwa siku mbili kuona "utamaduni" ungetarajia angalau uambiwe upo. Hatukuambiwa. Mwenzetu mmoja alikuwa na soseji za nguruwe kwenye begi tangu Tbilisi, akazila mbele ya mwenye nyumba. Dada wawili walivuka mawe ya kilinge kimoja ili wapige picha mabonde yakiwa nyuma yao. Mzee mmoja akapiga kelele kutoka mbali akipunga fimbo. Wakamuuliza mwongozaji, anasema nini? Mwongozaji akatabasamu: anawakaribisha.

Anawakaribisha! Nilikuwa nimeshajifunza maneno mawili matatu ya Kijojia, na karibu siyo mojawapo ya yale aliyosema yule mzee.

Hapa simlaumu sana yule kijana. Ana miaka ishirini na kitu, anafanya kazi miezi mitano kwa mwaka, mkataba hana, anaishi kwa bakshishi. Akisema ukweli watalii wananuna, wakinuna bakshishi inapungua. Aliyemweka katika hali ya kutafsiri matusi kuwa karibu ndiye wa kulaumiwa. Na ni mtu yule yule asiyemlipa mama mvinyo wake.

Wajojia wa milimani si watu wa kuonewa tu wakanyamaza, msije mkadhani hivyo. Nenda Kazbegi, mji ambao siku hizi unaitwa rasmi Stepantsminda, chini ya mlima wa zaidi ya mita 5,000. Juu ya kilima, mita 2,170, lipo kanisa la Gergeti la karne ya 14, ndilo lile mnaloliona kwenye kila kalenda ya Jojia. Miaka ya 1980 serikali ya Usovieti ilijenga gari la waya la kupandisha watalii mpaka kanisani. Wenyeji waliona ni kufuru, wakaling'oa. Mwongozaji wetu alisimulia hilo kama kichekesho cha njiani. Mimi niliona ndilo somo kubwa kuliko yote ya utamaduni katika siku nane zile, watu kuamua wenyewe mgeni afike mpaka wapi na kwa njia gani. Kwa sasa kuna lami mpaka juu, ilijengwa 2018, na mabasi yanashindana kugeuza.

Na kuna utamaduni mwingine ambao msafara wetu uliukwepa kwa makusudi. Siku ya kwanza mjini Tbilisi gari letu lilizunguka mtaa wa Rustaveli badala ya kupita mbele ya Bunge. Nikauliza. Nikaambiwa ni foleni, na hatuzungumzi siasa. Mimi nilikuwa nimekaa wiki nzima na waandishi wa nchi hiyo, najua kilichopo Rustaveli. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuziandikisha asasi na vyombo vya habari vinavyopata zaidi ya asilimia 20 ya fedha kutoka nje, na kuviita vinavyotumikia maslahi ya kigeni. Novemba 2024 serikali ikasema inasimamisha mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya mpaka 2028, watu wakajaa barabarani usiku baada ya usiku. Agosti 2025 mwandishi Mzia Amaglobeli, mwanzilishi wa gazeti la Batumelebi, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, na mwaka huo huo Bunge la Ulaya likamtunuku tuzo ya Sakharov pamoja na mwandishi mwenzake wa Belarusi. Sasa watu wanaosimama kwenye baridi kutetea nchi yao si utamaduni? Utamaduni ni wale tu walio kwenye meza wakituimbia?

Nirudi kwenye hoja, maana nikianza na hilo sitamaliza.

Wapo watakaosema: bila kampuni, wageni wasingekuja, na bila wageni vijiji vingekufa. Hii hoja ni nzito na sitaipuuza. Miaka ya 1990 Svaneti, mkoa wa minara ya mawe kule kaskazini-magharibi, ilikuwa haipitiki kwa ujambazi. Leo Mestia ina uwanja wa ndege uliofunguliwa 2010, na njia ya miguu ya siku nne kutoka Mestia mpaka Ushguli imejaa watu kila kiangazi. Kila kijiji cha njiani kina nyumba za kulala, na kule Adishi wanakijiji huwavusha watembezi mtoni kwa farasi, kwa bei wanayoitaja wenyewe. Vijana waliokuwa wameondoka wamerudi kuezeka mapaa. Utalii umefanya hayo.

Lakini angalieni vizuri nani kayafanya katika mfano huo. Mwenye farasi anapanga bei ya farasi. Mwenye nyumba anapanga bei ya kitanda. Mtembezi anakuja na miguu yake, na akitaka mwongozaji anamlipa mwongozaji. Pesa haipiti kwanza Tbilisi ikapungua kama maji ya ndoo yenye tundu. Kwa hiyo anayeniambia "bila kampuni hakuna utalii" asinitajie Svaneti, maana Svaneti inanitetea mimi.

Na sisi Watanzania tusicheke. Nimewahi kumsikia mtu mmoja kwenye mkutano akisema Dodoma iige Jojia, tuanzishe utalii wa mvinyo, tuna mizabibu tangu wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950, tuna zabibu ya Makutupora, na tunavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Wajojia hawana. Sawa kabisa, nilipiga makofi. Lakini tuige nini? Tukiiga dakika tisini, mama wa Kigogo atapika mlenda kwa watu kumi na wanne halafu aambiwe mwisho wa mwezi. Tukiiga Adishi, mkulima wa Hombolo ataitaja bei yake kwa mdomo wake.

Tena jambo lenyewe kwetu si geni. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kampuni iliyosajiliwa na mwongozaji mwenye leseni, na kwa miaka mingi aliyeumia ni mpagazi, anabeba mzigo wa mwenzake kwa ujira wa kujikimu na wakati mwingine kwa bakshishi isiyofika. Watu walipiga kelele. Mizigo ikawekewa kikomo cha kilo 20, inapimwa langoni. Mwaka 2003 ukaanzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaoorodhesha kampuni zinazowatendea haki, na leo mzungu makini akitaka kupanda anauliza kwanza kama kampuni imo katika orodha hiyo. Matatizo hayajaisha, wapagazi wenyewe watakuambia. Lakini swali linaulizwa, na muuzaji anajua litaulizwa. Kwa nini kusiwe na orodha ya namna hiyo kwa ajili ya jikoni? Mzigo wa kilo 20 unaonekana mgongoni. Sahani kumi na saba kabla ya saa sita mchana hazionekani, kwa sababu zimeandikwa "ukarimu".

Basi nyinyi wa Dubai, Doha na Muscat, jibu lenu hili hapa. Jina la kampuni sitoi. Hata ile niliyosafiri nayo sitaitaja, maana ikiondoka hiyo itakuja nyingine yenye kijitabu kile kile. Nitawapa maswali, muwaandikie kabla hamjatuma pesa. Waulizeni familia itakayotulisha inalipwa kiasi gani kwa kila mmoja wetu, na inalipwa siku ile ile au lini. Waulizeni mvinyo wa nyumbani umo kwenye hesabu au haumo. Waulizeni tukighairi, mama aliyekwisha kupika anapata nini. Na kama mnakwenda Tusheti, waulizeni watawaambia nini kuhusu vilinge na nyama ya nguruwe kabla hamjapakia mabegi. Nyinyi mnafanya kazi kwenye nchi za watu, wengi wenu mnajua maana ya mshahara unaocheleweshwa na mwajiri anayekuita "sehemu ya familia". Hamhitaji mimi niwafundishe kwa nini maswali hayo yanaulizwa.

Wasipojibu, msiwe na wasiwasi, nchi ile inatembeleka bila wao. Kutoka Tbilisi kuna treni ya kwenda Zugdidi, na kutoka Zugdidi kuna basi dogo, wao huliita marshrutka, linapanda mpaka Mestia. Nyumba za wageni mtazikuta, akina mama wanasimama mlangoni. Muulize bei, ulale, ule, asubuhi umlipe mkononi. Mvinyo akikupa bure kwa moyo wake, pokea kwa mikono miwili, useme gaumarjos. Kisha ingia jikoni ufute sahani.